Kochi Lililomtembeza Bibi wa Ziwani

Enzi zetu pale Maguu, mtoto hakuingia sebuleni hivi hivi. Unanawa miguu kwanza, unabisha hodi, na ukiulizwa unatafuta nini uwe na jibu. Wenzangu mliokulia Umatengo mnanielewa. Asubuhi ukungu umefunika ngolo zote, yale mashamba yetu ya vishimo, mlimani, wewe umevaa sweta la mitumba lenye mikono ya mtu mzima, mkononi kidumu cha maji na ufagio wa shule, tumboni kiporo cha kande. Jioni unarudi kumenya kahawa mpaka vidole vinateleza kwa ute wa buni, na bado una nguvu za kucheza rede hadi mama aite mara tatu. Mara ya nne hakuwa anaita tena, alikuwa anakuja.

Na ukiingia hiyo sebule tuliyoiogopa unakuta nini? Benchi moja, stuli mbili za miguu mitatu, na gunia la kahawa la kukalia mgeni atakayezidi.

Bibi yetu mzaa mama alitoka Liuli, huko chini ziwani, tukamwita Bibi wa Ziwani. Alikuwa mfupi, mwembamba, na miguu yake ilivimba kila akisafiri. Mara ya kwanza ninayoikumbuka alikuja na kikapu cha usipa wakavu, dagaa wa kwao ziwani, akakaa kwenye lile gunia. Mgongo haukuwa na pa kuegemea. Baada ya muda akaomba aende jikoni akaegemee ukuta, na huko ndiko alikoshinda siku zote tatu, kwenye moshi. Mama yetu aliona aibu sana. Kwao, mama mkwe akifika kwa binti yake hukalishwa sebuleni, mlango wazi, majirani wapite wamsalimie. Tangu hapo akawa na wimbo mmoja: "Mama yangu akirudi hapa, atakaa kwenye kiti."

Zikaja enzi za ruksa. Maduka ya Mbinga mjini tuliyoyajua kwa chumvi na viberiti yakajaa redio, mablanketi ya maua na vyombo vya udongo vyenye dhahabu pembeni. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milimani na malori yao kutubembeleza, sisi tuliozoea kuubembeleza ushirika. Baba alitembea kifua mbele msimu mzima. Kwanza akasakafia sebule kwa saruji. Nyumba yetu ilikaa mteremkoni, kwa hiyo akailaza sakafu kidogo kuelekea mlangoni, makusudi kabisa, ili ukideki maji yatoke yenyewe. Kila mgeni alionyeshwa. Baba anamwaga kikombe cha maji chini kando ya ukuta, yanakwenda nje, naye anasema, "Maji ya nyumba hii yanajua mlango."

Kisha akasema anashuka Mbinga kununua viti. Mama akamwambia, "Baba Imelda, ngoja nimalize kuanika, twende wote." Imelda ndiye mimi. Baba akacheka, akasema anakwenda kununua viti, hanunui kitenge. Akaondoka peke yake.

Lori lilipopanda na makochi mawili, nusu ya shule ilikuwa nyuma yake. Mekundu! Yana manyoya laini ya kupapasa, na chini ya kila mguu kuna kigurudumu kinachong'aa. Baba alisimulia jinsi muuzaji alivyosukuma kochi kwa kidole kimoja tu, likaenda, likarudi. Sakafu ya dukani, ndugu zangu, ilikuwa tambarare. Baba wa watu, mzaliwa wa milimani, mahali ambapo hata kuku akitaga nje inabidi alishike yai lake, akalisahau jambo hilo kwa sababu ya vigurudumu vinane.

Mama aliyatandika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, akapiga marufuku mtu yeyote kukaa mpaka mama yake aje. Watu wazima wakatii. Sisi watoto siku ya tatu tu tulikuwa tumeshajua siri: ukijirusha juu ya kochi, linakupeleka mlangoni bure. Tulipanda kila wazazi walipokwenda shambani, kisha tukalirudisha na kunyoosha vitambaa. Tukanyamaza. Utamu ule nani angethubutu kuusemea?

Bibi alikuja kwa ajili ya komunio yangu ya kwanza, ingawa yeye ni Mwanglikana na alitutania sana kwa hilo. Baba alisimama kando akiwa na koti lake la misa. Mama akiwa bado anapakua jikoni, Bibi akaonyeshwa kiti chake. Akasema "Asante, baba," akajishusha na uchovu wake wote.

Kochi likalia kwii, likaondoka.

Halikukimbia. Lilikwenda taratibu, kwa adabu, Bibi juu yake macho yamemtoka, mikono inatafuta pa kushika asipafikie, maana kochi lilikuwa pana na yeye mdogo. Baba alikuwa hatua moja tu kutoka pale. Akanyoosha mkono, halafu akaurudisha. Mama mkwe hashikwi! Hata kusalimiana kwao kulikuwa kwa mbali, macho chini. Basi akawa anatembea ubavuni mwa kochi, mikono ameifunga nyuma, jasho linamtoka, anasema, "Pole mama, pole mama, pole," mpaka vigurudumu vikagonga kizingiti na Bibi akateremshwa kwa magoti barazani, katikati ya kuku.

Hakuumia, tunamshukuru Mungu. Mama alitoka jikoni na bakuli mkononi, akamkuta mama yake chini. Bibi akajifuta magoti na kusema polepole, "Mwanangu, nipeleke jikoni." Hapo ndipo nilipolia. Watu walidhani ni kwa huruma. Nililia kwa sababu nilijua tangu zamani kwamba kochi linatembea.

Baba hakula siku ile. Kesho yake alisimama mlangoni pa jikoni, akiangalia pembeni kwa heshima ya mkwewe, akasema, "Mama Imelda, viti utachagua wewe." Kwa mtu kama baba, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kabla Bibi hajateremka ziwani, mama alichukua kanga yake ya zamani akampima. Kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Upana wa kiuno, fundo. Kutoka makalio hadi kiwiko, fundo, na hilo alilipima mara mbili, maana kiti lazima kiwe na mikono ya kumfikia, ili ajiinue mwenyewe bila kumsubiri mkwe asiyeweza kumshika. Makochi yakauzwa kwa mwalimu mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa kwenye kiwanja tambarare, naye aliyafurahia miaka mingi.

Safari hii nilikwenda nao kwa fundi Mbinga. Mama alinitia aibu kweli kweli! Alipindua viti vya watu miguu juu, akachungulia maungio, akalowesha kidole na kusugua rangi aone kama inatoka, akanusa mbao kujua kama zimekauka. Mninga ulitoka upande wa Liparamba, naye akauliza umekaa kivulini muda gani. Akamwomba fundi akikalie kiti alichokuwa akikisifia, ajitikise. Mwisho akafungua kanga mezani. Fundi akaangalia mafundo, akauliza, "Ni cha mtoto?" Mama akajibu, "Ni cha mama yangu."

Bibi alikikalia mwaka uliofuata, sebuleni, mlango wazi. Majirani walipita, shikamoo zikamiminika. Alipotaka kuinuka alishika mikono ya kiti akasimama, na baba kule kwenye kona yake akashusha pumzi nyumba nzima ikasikia.

Siku hizi binti yangu ananunua makochi kwa kidole, amelala, kwenye simu. Linakuja kochi, linakwama mlangoni, yeye anapiga picha kuwachekesha wenzake. Haya, maendeleo. Juzi alitaka kumwagizia mama yangu, bibi yake, kiti cha kubonyeza kinachoinuka chenyewe. Mama akakataa. Miaka yote hakuwahi kukikalia kile cha mninga. Alikuwa mrefu, viwiko vyake vilielea juu ya mikono ya kiti, na alisema kina mwenyewe, hata baada ya mwenyewe kuzikwa Liuli.

Siku hiyo alikwenda akakikalia. Mgongo wake sasa umepinda. Viwiko vikashuka, vikatua sawasawa kwenye mbao, pale pale Bibi alipopalainisha. Akavitazama kwa muda, cha kushoto, kisha cha kulia.

"Imelda," akaniambia, "kumbe mama yangu alikuwa mdogo hivi."