Kura Mbili kwa Kila Bweni

Kiswahili nilikijua kwanza kama lugha ya kunyamaziwa. Nyumbani kwetu Walukuba, mjini Jinja, mama yangu akisikia mtu anaongea Kiswahili nje ya dirisha, hata akiwa fundi wa baiskeli anayetaniana na wenzake, sauti yake ilishuka na mikono yake ikatafuta kitu cha kushika. Alikuwa msichana wakati wa utawala wa wanajeshi. Hakupenda kusimulia. Alisema tu kwamba siku zile aliyekuja na Kiswahili alikuja na bunduki. Kwa hiyo tulikua na Kisoga nyumbani, Kiingereza shuleni, na Kiswahili cha kuokotaokota barabarani: njoo, kaa chini, lete, kitambulisho wapi.

Nalitanguliza hili ili ieleweke kwamba lugha ninayoandikia leo nilipewa na mtu, na mtu huyo sinaye tena.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya bweni mjini Mbale. Nilipanga chumba mtaa wa Nkoma, na asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kazini huku mlima ukiwa umejifunika ukungu hadi mabegani. Shule ilipotakiwa kuanza kufundisha Kiswahili, mwalimu mkuu alimleta mwalimu kutoka Kenya. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mzaliwa wa Bungoma, aliyekuwa akingoja kuajiriwa na serikali ya kwao na ambaye alikuwa amechoka kungoja akiwa amekaa. Alipenda sarufi kama wengine wanavyopenda mpira. Sokoni alinunua nyanya kwa lugha ya mama yake, inayokaribiana na Kigisu, na wenyeji wa Mbale walimwelewa wakamwongezea mbili. Lakini wanafunzi, waliposikia Kiswahili chake, walimwita Afande.

"Mimi afande?" aliniambia siku moja ofisini, akicheka. "Mwalimu, mimi hata kuku siwezi kumchinja."

Tuliitana hivyo, mwalimu na mwalimu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kilichotukutanisha ni ugomvi wa wanafunzi. Mwaka uliotangulia kuja kwake, wiki ya michezo iliisha vibaya. Bweni kubwa la wavulana lilishindwa katika mbio za kupokezana vijiti, na kesho yake wakafunga koki kuu ya maji nyuma ya jiko, bweni lililoshinda likakaa siku mbili bila kuoga wala kufua. Watu walirushiana mawe. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba michezo imekwisha, haitakuwapo tena.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha habari za Wagiriki wa kale, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la baraza la Delfi. Pale Delfi, juu mlimani, palikuwa na hekalu la mungu wao Apolo, na kila baada ya miaka minne michezo mikubwa ilifanyika: kwanza nyimbo na vinanda, kisha mbio, mieleka na farasi. Hekalu hilo na michezo hiyo havikuwa mali ya mji mmoja. Viliangaliwa na baraza la makabila kumi na mawili ya jirani, na kila kabila lilikuwa na kura mbili. Wenye majeshi na merikebu walikuwa na kura mbili. Wachungaji wa mbuzi wa vilimani walikuwa na kura mbili. Na wote waliapa kiapo kimoja: hawatauangamiza mji wa mwenzao, wala hawataukatia maji, vitani au wakati wa amani.

Nilimsimulia tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya maktaba, tukila mahindi ya kuchoma. Aliacha kutafuna.

"Wasiukatie maji?"

"Ndivyo walivyoapa."

"Na sisi hapa tumefungiana koki." Alisimama, akapangusa suruali. "Mwalimu, twende kwa mwalimu mkuu sasa hivi, kabla hatujapoa."

Tulikwenda. Mwalimu mkuu alitusikiliza huku akitia sahihi karatasi nyingine, mwisho akasema tujaribu mara moja, na jiwe likirushwa hata moja tutalijibia sisi wawili.

Ndipo zikaanza zile wiki ambazo bado nazirudia moyoni. Kila alasiri baada ya masomo tulikaa maktabani tukitunga kanuni za baraza letu. Yeye alitaka ziwe kwa Kiswahili, lugha isiyo ya kabila lolote pale shuleni, ili asiwepo wa kusema ameonewa. Mabweni yalikuwa sita. Nilisema wanafunzi wa kutwa nao wahesabiwe kama bweni la saba, ingawa walikuwa wachache na wenzao waliwadharau kwa kuwa walikuja na vumbi miguuni. Kila kundi litoe wajumbe wawili. Wagiriki waliwaita wajumbe wao kwa jina gumu, lenye maana ya watu wanaokumbuka mambo matakatifu. Tulilihangaikia neno hilo siku nzima, hatimaye akaandika: wakumbushi.

Kiapo kilitushinda zaidi. Nilijaribu mimi kwanza. "Sitafunga maji ile inatembea," niliandika.

Alisoma, akaweka mkono mdomoni. Nikamwona mabega yanatikisika.

"Cheka tu," nikamwambia. "Hicho ndicho Kiswahili cha Walukuba."

"Sikucheki wewe. Nayaona hayo maji yanavyotembea, yamevaa na viatu." Kisha akachukua kalamu, akaandika taratibu, akinisomea kila neno kama mtu anayemlisha mgonjwa: "Sitamkatia mwenzangu maji yatiririkayo, wakati wa ugomvi wala wakati wa amani."

Yatiririkayo. Nilirudi nalo Nkoma siku ile nikilitamka peke yangu nyuma ya bodaboda, mpaka dereva akauliza kama nimesema tugeuke.

Sikumficha hata lile baya. Nilimwambia inasimuliwa kwamba katika vita vimoja, watu wa baraza hilohilo waliuzingira mji jirani, wakatia sumu katika mto uliounywesha.

Aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo hata wao."

"Hata wao. Tusiwaambie watoto?"

"Tuwaambie," alisema. "Wajue kwamba kiapo ni cha watu, si cha malaika."

Michezo ilifanyika. Mbio ndefu alishinda msichana wa kutwa, mwembamba, ambaye kila siku alishuka kwa miguu kutoka vijiji vya mlimani. Aliwaacha wenzake mbali sana. Papo hapo bweni kubwa la wasichana likapiga kelele kwamba amekata kona nyuma ya goli, wakataka afutwe. Mwalimu mkuu alinitazama mimi. Mimi nikawatazama wakumbushi.

Walikaa maktabani, kumi na wanne, mlango umefungwa. Sisi wawili tuliruhusiwa kuwapo bila kura. Walibishana kwa Kiswahili chao cha kuungaunga, wakichanganya na Kigisu na Kiganda, mpaka mmoja wa wajumbe wa lile bweni lililolalamika akanyanyua mkono. Alikuwa msichana mnene, mpenda utani, lakini siku hiyo hakutania.

"Mimi nilisimama kwa kona," alisema. "Niliona na macho yangu. Huyu hakukata. Alizunguka yote."

"Wewe ni wa bweni gani?" mwenzake akamfokea.

"Ni wa bweni langu. Lakini niliapa."

Walipopiga kura, ushindi ukabaki kwa yule wa kutwa. Hakuna jiwe lililorushwa. Kule Delfi mshindi alivikwa taji la majani ya mti wao mtakatifu. Sisi tulikuwa na majani ya kahawa kutoka kwa jirani wa shule, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Taji alilisuka mwalimu wa Kiswahili mwenyewe. Alipolimaliza alilijaribu kwanza kichwani kwangu, kuona kama linakaa, akaliacha pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akalitoa, akaenda nalo uwanjani.

Likizo iliyofuata alikuja Jinja kutusalimu. Nilimpigia mama simu mapema kumwambia kwamba mgeni ni Mkenya, na anasema Kiswahili. Mama akajibu kwa Kisoga kwamba nyumba ni yangu pia. Alipofika mlangoni, yule mwalimu aliinama, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama hakujua kuitikia. Alisimama na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Kisha akasema salamu yake, "Kodheyo," na yeye, ambaye nilikuwa nimemfundisha ndani ya basi tangu Mbale, akajibu, "Bulungi, maama," kwa lafudhi mbaya sana. Mama akacheka. Alimpikia samaki na viazi vitamu, akamwuliza mambo ya mama yake na ya mashamba ya Bungoma, nami nikawa mkalimani. Alipokwenda zake, mama alikaa muda akitazama barabara.

"Kiswahili cha huyu hakina bunduki," alisema.

Tulikaa hivyo karibu miaka miwili. Sitaki kuongeza chumvi: hatukuahidiana kitu. Tulikula pamoja mchana, tulisahihisha madaftari meza moja, Jumapili tulikwenda kanisani na kurudi kwa njia ndefu. Watu wa Nkoma walishatuoza midomoni mwao. Mimi nilingoja aseme. Baadaye sana nilikuja kufikiri kwamba huenda naye alikuwa akingoja dalili kutoka kwangu, kwa kuwa alikuwa mgeni, hana kazi ya kudumu, na kwao mwanamume haombi mke akiwa mikono mitupu.

Barua ya kuajiriwa ikaja. Walimpeleka mbali, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo alisema angefika kwa siku mbili. Nilimsindikiza kituoni Mbale asubuhi, begi lake moja na katoni ya vitabu. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Mwalimu," aliniambia, "huna neno?"

Nilikuwa nalo. Nililijua kwa Kisoga, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili chake safi. Nikasema, "Vyeti vyako umevitia wapi? Visije vikalowa."

Akanionyesha. Vilikuwa mfukoni mwa ndani wa koti. Tukapeana mkono, akapanda.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Mtandao wa kule ulikuwa unakuja na kuondoka, nusu ya maneno yakaliwa na upepo. Kisha ikawa mara moja kwa mwezi. Likizo ya mwisho wa mwaka ule nikakata shauri. Nilimwambia mama nakwenda kumwona rafiki, nikapanda basi hadi Malaba, mpakani. Nilijua naye amerudi Bungoma kwa likizo. Kutoka pale si mbali. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani ambalo aliwahi kulisifu. Nikasimama kwenye foleni ya uhamiaji kati ya wafanyabiashara na madereva wa malori, na nilipobakiwa na watu watatu mbele yangu nikampigia, ili nisimfikie kwa ghafla.

Alifurahi kunisikia, hilo nina hakika nalo. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi na sufuria zikigongana.

"Mwalimu! Umenipata siku kubwa. Wazee wametoka jana kunipelekea posa. Wamekubaliwa."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega nisogee.

"Hongera," nikasema. "Hongera sana, mwalimu. Ni wa wapi?"

"Wa hapahapa, jirani. Uko wapi wewe? Nasikia malori."

"Niko barabarani tu," nikamwambia.

Nikatoka kwenye foleni. Nilinunua kipande cha sabuni kutoka kwa mama mmoja wa Kikenya mwenye meza pale, maana sikutaka kurudi mikono mitupu, naye akaniuliza mbona sivuki. Nikasema nimesahau kitu nyumbani. Basi la kurudi lilipofika Iganga nilikuwa nimelia nikamaliza, na niliposhuka Jinja mama alinitazama mara moja tu, akaniwekea chai.

Sasa ni miaka kadhaa. Niliomba uhamisho ili niwe karibu na mama, ambaye magoti yamemchosha. Tunaishi Mafubira, pembeni mwa Jinja, nyumba ya vyumba viwili na ua wa kutosha kuanikia nguo. Yule mwalimu sasa ana watoto wawili. Wakati wa sikukuu hunitumia ujumbe wa salamu, Kiswahili chake kikiwa kimenyooka vilevile, nami humjibu kwa makini, nikipima kila neno kabla ya kulituma. Sina kinyongo naye. Ninachokosa ni vitu vidogo: mtu wa kumwuliza kama jambo "linafaa" au "lafaa", mtu wa kula naye mahindi kwenye benchi.

Kila mwaka nafundisha baraza la Delfi. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi kwamba wajumbe wale walikutana mara mbili kwa mwaka, majani yanapochipua na yanapopukutika, na kwamba wengine walitembea siku nyingi milimani ili wafike. Msichana mmoja wa mbele akanyanyua mkono.

"Mwalimu, kwa nini hawakuandikiana barua tu?"

"Waliweza kuandikiana," nikamwambia. "Lakini walitaka kuonana."

Aliliandika jibu hilo daftarini, neno kwa neno. Mimi ningeridhika na mara moja kwa mwaka. Nikageukia ubao, nikawaandikia maswali ya kufanya nyumbani, na walipokuwa wakinakili nilifungua madirisha ya upande wa mashariki, kwa sababu darasa lilikuwa limejaa joto.