Programu Isiyo na Mwenyewe

Kwa nini mtu humwamini anayemwuzia kuliko anayempa? Nimelitafuta jibu vitabuni, ibadani na katika miaka yangu yote ya Dodoma, na sijalipata. Ninachoweza kueleza ni jinsi swali hilo lilivyonivua nguo mbele ya kikao cha menejimenti.

Nilikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Tehama katika ofisi moja ya umma iliyohamia huku kutoka pwani. Neno "kaimu" lilikuwa limekaa mlangoni pangu muda mrefu kiasi kwamba fundi aliyepaka rangi korido alilizungushia brashi kwa heshima, akidhani ni sehemu ya jengo. Mwaka huo ilisemekana ningethibitishwa. Mke wangu alikwisha kumdokeza mama yake, nami nikaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama wakubwa watembeavyo.

Ndipo leseni ya programu yetu ya masjala, ile inayotunza na kusafirisha barua za ofisi, ikakaribia kuisha. Kampuni iliyotuuzia ilitoza kwa kila kompyuta, na kwa sababu hiyo ofisi yetu ndogo ya Chemba haikuwahi kuipata. Barua zake zilikuja kwa basi, ndani ya bahasha za kaki, mikononi mwa kondakta. Nilipendekeza tuhamie kwenye programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuutumia pasipo kununua leseni. Nilikuwa nimeijaribu kwa miezi kadhaa na ilifanya kazi vizuri. Mtu mwenye busara angesema hivyo tu, akaketi.

Mimi nilitoa mhadhara. Nilianza na falsafa ya mali ya pamoja, nikapitia historia ya uchapaji, na wajumbe walipoanza kutazama simu zao chini ya meza nikatoa silaha niliyokuwa nimewaandalia wenyeji. Nikasema programu huria ni kama ujima wa Wagogo: majirani wanakuja na majembe, wanalima kwa nyimbo, hakuna anayelipwa, na kesho wanahamia kwa mwingine. Nikanyamaza ili wazo liingie. Mimi ni mtu wa Bukoba. Tunajua kunyamaza baada ya kusema neno zuri.

Mkuu wa Manunuzi, mama wa Kigogo aliyekaribia kustaafu, akavua miwani.

"Nshomile," akaniita, kama alivyoniita siku zote kwa kututania sisi Wahaya na usomi wetu, "ikiharibika, tunamkamata nani?"

Nikamjibu kwamba ina jumuiya ya watengenezaji waliotawanyika duniani kote.

"Hiyo jumuiya ina sanduku la posta?"

Watu wakacheka, hata Mkurugenzi. Nikaeleza kwamba haina, na kwamba hiyo hasa ndiyo nguvu yake. Mama akaniacha nimalize, kisha akaurudia ujima wangu.

"Mimi nimeulima huo ujima kule Gulwe tangu sijavaa viatu. Kuna mwenye shamba, baba. Ndiye anayepika pombe, ndiye anayeonyesha mpaka, na shamba likilimwa vibaya ndiye anayelala njaa. Wewe umetuletea wenye majembe tu. Mwenye shamba nani?"

Nikairudia slaidi ya majembe.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Mmoja alitaka kujua nani sasa angetuletea kalenda za mwaka mpya. Mwingine aliulizia semina za Morogoro, ambako kampuni ilitulisha kuku mchana na jioni. Maswali hayo nilikuwa nimejiandaa kuyadharau, lakini dharau yangu haikuwa na pa kukaa tena. Mkurugenzi akafunga kikao kwa upole: asubuhi inayofuata nilete jina la mtu atakayewajibika, la sivyo Manunuzi wahuishe leseni ya zamani.

Nilirudi ofisini kulitafuta jina hilo. Nilifungua masharti ya ile programu, masharti niliyokuwa nikiyanukuu kwenye semina kwa miaka, nikagundua kwamba siku zote nilinukuu mwanzo wake, unaozungumzia uhuru. Mwishoni, kwa herufi kubwa, yalisema kwamba kitu hiki kinatolewa bila dhamana ya aina yoyote, na hasara ni ya mtumiaji. Nilikuwa mshenga aliyemsifu bibi arusi bila kufika kwenye mahari.

Nikaandika kwenye jukwaa la mtandaoni la ile jumuiya ya watengenezaji, nikiuliza nani angewajibika endapo programu ingekwama katika ofisi ya serikali. Mtu nisiyemjua akanijibu kwa kuuliza: seva yenu anaisimamia nani? Nikaona hakunielewa, nikamfafanulia kwa aya ndefu zaidi. Akauliza vilevile.

Jioni nilimkuta mke wangu barazani, anachambua mlenda. Nikamweleza mpango wangu, ambao njiani ulionekana kuwa wa kiungwana: leseni ihuishwe, mimi nithibitishwe, kisha tuurudie uhuru tukiwa tumetulia. Kama ningeweka jina langu, na barua moja ikapotea wakati wa Bunge la bajeti, maswali ya waheshimiwa yanapomiminika, ningestaafu nikiwa kaimu. Chemba wamezoea basi, nilisema.

Hakuinua uso. "Hiyo programu, wewe unaiamini au unaihubiri tu?"

Nikaanza kumweleza tofauti ya mambo hayo mawili. Akaniomba nisogee, nilikuwa namzibia mwanga.

"Mama nilishamwambia," akasema. "Nitamwambia bado. Kaimu nimeishi naye siku zote, hanisumbui."

Kulipokucha upepo ulikuwa umelaza vumbi jekundu juu ya kila dirisha. Niliingia Manunuzi kabla yule mama hajatua mkoba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia jina nimelileta. Akanisogezea fomu. Nikaanza kuandika kwenye nafasi ya mzabuni, akanizuia mkono.

"Hapo utatufungisha sote wawili, nshomile. Mtumishi hauzii ofisi yake. Andika huku chini, kwa msimamizi. Na simu, ile unayopokea."

Nikaandika jina langu, cheo changu pamoja na ukaimu wake, na namba ninayopokea hata Jumapili. Akapiga muhuri. Kisha nikaenda kwenye chumba cha seva, nikawapigia watu wa Chemba, nikawaambia wawashe kompyuta.