Kwao Mto

Harufu ya majani yaliyolowa kwenye kapu la mchicha, leo asubuhi, imenirudisha msituni juu ya kwetu Bigwa. Mto wetu ulikuwa unanitisha, kwani masika ulibeba hata mbuzi. Siku moja bibi akaniambia, "Twende mjukuu wangu, ukaone kwao huo mto."

Tukaufuata kupanda mlima, tukaipita migomba ya mwisho, tukaingia kwenye miti iliyojaa ukungu. Kila tulipopanda, mto ulipungua. Mwishowe kilibaki kijito chembamba kama mkono wangu, kikichuruzika chini ya jiwe.

"Ndio huu?" nikauliza.

"Ndio huu. Vuka."

Nikauruka. Nikacheka, nikarudi, nikauruka tena na tena, mpaka bibi akaketi kwenye mzizi, akajifunika kanga, akasema nikimaliza nimwamshe.