Makofi ya Kathonzweni

Watu kijijini walisema nikirudi kutoka Qatar sitaweza biashara. Mimi, mwenye diploma ya uongozi! Niliwaita wakulima wa maembe kanisani Kathonzweni, nikawahutubia saa nzima kuhusu dira na mikakati. Walipiga makofi sana. Nikajua wamekubali, nikauza ng'ombe wote wa mama na kukodi lori la kupeleka maembe Mombasa.

Lori lilifika pale kanisani. Embe halikufika hata moja.

Nilimwendea Mama Mutheu, mwenyekiti wao, aliyekuja kuangalia lori. "Si mlinipigia makofi?"

"Tulipiga kwa sababu hatimaye ulinyamaza, mwanangu. Kumbe ulitaka maembe? Si ungesema! Tulishawauzia mabroka wanaopita wakinunua mashambani."

Dereva alicheka. Mama yangu, aliyekuja kuona lori likipakiwa, alijifunga leso na kurudi nyumbani bila kunitazama.