Mtani aliyeniibia faili za sava kaniokoa

Jamani, leo asubuhi nimeizima kafe nzima ya intaneti kwa mkono wangu mwenyewe!

Tuna sava tatu hapa Mabawa. Nilitaka kunakili faili za mipangilio kutoka zile mbili za zamani kwenda ile mpya.

Nikakosea, nikageuza upande wa kunakili. Ile mpya, tupu kabisa, ikafuta faili zote za wenzake.

Na nakala ya akiba? Niliiweka humohumo. Msinicheke.

Tajiri wangu, Bwana Karim, kaja mbio: "Ikifika adhuhuri hazijarudi, tafuta kazi kwingine."

Nikampigia mtani wangu Zahoro, mwenye kafe kule Pongwe. Mwezi uliopita alizibeba nakala za faili hizi bila ruhusa, eti utani, nikamnunia wiki nzima.

"Mtani, ule wizi wako bado unao?"

"Ehee! Leo mie si mwizi tena?"

Akaja na flashi, anacheka tangu mlangoni. Faili zote zimo, mpaka matusi niliyojiandikia pembeni! Sava zikaamka kabla ya adhana.

Bwana Karim akamshika mkono: "Ahsante, kijana. Uwe unamwibia kila Ijumaa."

Haya, na nyie, nakala za kwenu anazo nani?