Fundi Sikio na Tone la Maji

Katika kiwanda cha kushona sare za shule zilinguruma mashine arobaini na mbili kwa pamoja, na kati yake alipita mzee mmoja, mikono nyuma, bila hata bisibisi. Husimama, hufumba macho, hunyoosha kidole. "Ile. Sindano inagusa bamba." Na kweli, ukifungua, sindano inagusa bamba. Wakamwita Fundi Sikio, naye jina hilo akalivaa kama koti la harusi.

Alichokuwa hasemi ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa moja. La kulia lilikwisha kufa, limeuawa na mashine zile zile alizokuwa akizitibu. Miaka sita alikuwa akitembea shingo imeinama, kushoto mbele, na watu wakidhani ni maringo ya ufundi. Aliogopa kitu kimoja tu: siku wakijua, watampa saa ya ukutani ya kustaafu, watampigia makofi, na atarudi nyumbani mzee asiye na jina.

Basi magoti yakaanza kulalamika, daktari akamwandikia kuogelea. Jumamosi asubuhi mkewe akampa vipande viwili vya pamba vilivyopakwa mafuta. "Ziba masikio, Baba."

"Pamba ni za wagonjwa," akajibu, mtu anayekwenda kuogelea kwa cheti cha daktari. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, ila hili la kushoto lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa kaidi tu, kama mwenyewe.

Bwawani, upande wa maji mafupi, akina mama watano wa rika lake walikuwa wakitembea majini taratibu. Mwalimu wa kuogelea alisema waingie kwa ngazi. Fundi akaona ngazi ni aibu, akajirusha. Alitua kwa ubavu wa kushoto, maji yakaruka hadi kwenye taulo za watu, na alipoibuka, dunia ilikuwa imezimwa. Akina mama walikuwa wakicheka. Meno aliyaona, kicheko hakukisikia.

Jumapili nzima mzee mzima alipigana na tone moja la maji. Aliruka kwa mguu mmoja bafuni, kichwa upande, hadi goti lililompeleka bwawani likakataa kumrudisha chumbani. Alipiga miayo ya kulazimisha. Akachukua njiti ya kiberiti, mkewe akampokonya na kumwambia jambo refu. Hakusikia hata neno, lakini baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa alijua linahusu nini. Akajibu, "Kweli kabisa," jibu ambalo halikuwahi kumponza.

Jumatatu angeweza kuomba ruhusa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alishayavulia hadi shati. Akaenda.

Mashine zilitikisika bila sauti. Msimamizi, mama mwenye utepe wa kupimia shingoni, akamwonyesha kwa mkono mstari wa tatu: huko kuna kitu kinagonga. Fundi akapita, akasimama, akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida, maana alikuwa akisali. Kisha akanyoosha kidole.

"Ile. Mkanda umelegea."

Alipofumbua macho aliona kwamba ile imefunikwa kitambaa, mshonaji wake yuko likizo, na waya wake wa umeme umezungushwa vizuri juu ya meza. Mstari mzima uliinama kwa kicheko. Msimamizi hakucheka. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma.

Alifika nyumbani jioni amenywea. Mkewe alikunja taulo, akaipasha moto kwa pasi, akaiweka juu ya mto na kumlaza kwa ubavu wa kushoto. Akapenyeza vidole, akalivuta sikio taratibu, akaliachia, akalivuta tena. Wakangoja. Fundi, ambaye maishani hakupata kungoja hata chai ipoe, alilala kimya kama mtoto mwenye homa. Ndipo kitu cha uvuguvugu kikatambaa ndani, kikachuruzika, kikaishia kwenye taulo. Akainua kichwa. Dunia ilirudi kwa fujo: feni, bomba la jikoni linalodondoka, pumzi za mkewe.

Alitaka kucheka, akajikuta analia. "Mama, kuna jambo sijakwambia. Hili la kulia..."

"Lilikufa zamani."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Nilikuwa nakuita toka upande huo, kimya. Nikasema huyu kanichoka. Siku moja nikazunguka upande wa pili, nikakuita kwa kunong'ona, ukaitika."

Fundi akapangusa uso kwa taulo. "Kesho nitamwambia msimamizi. Wakinipa saa ya ukutani, nitaipokea."

"Tutaitundika sebuleni," mkewe akasema.

Kisha Fundi akakumbuka. Miaka sita iliyopita mkewe alihamia upande wa kushoto wa kitanda, akidai kwamba ule wa dirishani unapitisha upepo. Yeye, fundi bingwa, akaanza kazi. Alibadilisha komeo, akaziba nyufa, akazungushia mpira pembeni, na kila baada ya matengenezo akauliza kwa majivuno kama upepo umekwisha. Kila mara mkewe alisema bado kidogo.

"Na dirisha?" akauliza.

"Dirisha halijawahi kuwa na kitu, Baba," mkewe akasema polepole, kutoka upande wa kushoto.