Duara la Katikati

Siku zile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameziba njia yetu ya kupeleka ng'ombe majini. Ng'ombe akikutwa kwenye ngano anafungiwa, na kumtoa ni kilio. Ila sisi tulikuwa na mtu: mlinzi wa geti, mdogo wake baba mkwe wetu. Askari wa shamba wakitoka, yeye anatuma habari, tunawahi kugeuza ng'ombe. Wakuu wake wangejua, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo.

Basi akaja dada mmoja wa chuo kikuu, ameletwa na karani wa shamba. Alisema chuo kinataka kushirikiana na wanakijiji, kwa hiyo lazima ajue habari za hapa zinapita kwa nani. Akatandaza karatasi kubwa chini. Kila mtu duara. Ukipeleka habari kwa mwenzako, mstari.

"Majina siandiki," akasema.

"Afadhali, maana sisi wake wa huku jina la mkwe hatulitaji hata utuchome moto," nikamwambia.

Tukacheka wote. Lakini mistari ilizidi kukutana kwenye duara moja. Karani akaacha kucheka, akachuchumaa.

"Huyu wa katikati nani?"

"Mkwe," nikasema.

"Na wewe, mama?"

"Mkwe," akajibu mke mwenzangu mdogo.

"Mnanichezea nyie!"

Dada wa chuo akaona mambo yanakuwa mazito, akageuza mazungumzo. Akamwuliza mwenzangu kama mahindi yamestawi.

"Wapi, dada! Maji ya juu yamechelewa."

Karani akainua kichwa. "Maji ya juu? Si useme mvua?"

Mwenzangu akaziba mdomo. Kwetu hata neno linalofanana na jina la mkwe, mke halitamki, na yule mlinzi alizaliwa maji hayo yakinyesha, akaitwa hivyo. Pale getini walimwita jina hilo hilo kwa Kiswahili. Neno lenyewe naliandika kwa kuwa karani ndiye aliyelisema.

"Ahaa," akasema polepole.

"Mimi sijaandika kitu!" Dada alikuwa anakunja karatasi.

"Huna haja, dada. Nimesikia."

Jioni mkwe wetu, yule mlinzi, alikuja bila koti la kazi. Mwenzangu akaanza kulia mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Nipeni maziwa kwanza." Akanywa, akafuta ndevu. "Mwambieni mume wenu kesho ng'ombe wazungukie mlimani. Getini wameweka mtu nisiyemjua."